Momenti ya sumaku ya viini nururifu ndani ya chuma

Kiini cha atomu chenye spini hutenda kama sumaku ndogo. Ukubwa wa sumaku hiyo, yaani momenti yake, hudokeza jinsi protoni na nyutroni zilivyojipanga ndani ya kiini. Kwa isotopi nururifu, ambazo mara nyingi hupatikana kwa uchache mno, kipimo cha kawaida cha resonansi hakioni kitu. Chuma kikawa dawa.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Samoilov na wenzake huko Moscow walionyesha kwamba viini vya elementi zisizo na usumaku wake huelekezeka vikiyeyushwa katika chuma na kupozwa sana. Elektroni za chuma hukifikishia kiini cha dhahabu uga wa takriban tesla 115. Kobalti hupata kama 29. Uga wa nje, sehemu tu ya tesla, hutumika kuipanga sumaku ya chuma ielekee upande mmoja.

Baridi inayotakiwa ni ya takriban milikelvini 10, nayo hutolewa na jokofu la mchanganyiko wa heli-3 na heli-4. Hapo viini hulala upande mmoja na mionzi yake ya gama hutoka kwa wingi usio sawa pande zote. Mwaka 1966 Matthias na Holliday waliongeza mawimbi ya redio juu ya kobalti-60: masafa yalipofikia karibu megahezi 166, mpangilio ulivurugika na hesabu ya vigunduzi vya gama ikabadilika. Uozo wenyewe ndio uliotoa taarifa, na hilo ndilo jambo la werevu katika njia hii.

Masafa hupimwa kwa usahihi mkubwa, lakini yanachotoa ni zao la momenti na uga. Uga sharti ujulikane kwanza, kwa kawaida kupitia isotopi nyingine ya elementi ileile. Hata hivyo isotopi mbili hazihisi uga sawa kabisa, kwa kuwa usumaku umesambaa tofauti ndani ya kila kiini. Tofauti hiyo ndogo huingia katika jibu.

Katika kituo cha ISOLDE cha CERN, karibu na Geneva, kifaa kilichoitwa NICOLE kilipokea ioni moja kwa moja ndani ya chuma baridi. Ioni nyingine hutua nje ya nafasi za kawaida za fuwele, na uga wake huwa mwingine. Zenye nusumaisha ya sekunde chache huoza kabla viini havijapoa na kuelekezeka.