Huo utamu umetoka wapi?

Wiki jana nilikuwa jikoni nikifungua soda yangu ya pili ya siku, ile imeandikwa haina sukari. Mathe akaniangalia, akauliza, "Kama haina sukari, huo utamu umetoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Na mimi ndiye hujifanya mjuaji hapa. Nikaenda kusoma, na nimerudi na stori.

Inaanza na jamaa ambaye hakunawa mikono. Mwaka wa 1879, mkemia Constantin Fahlberg alikuwa akichunguza kemikali zinazotokana na lami ya makaa ya mawe, kwenye maabara ya Profesa Ira Remsen huko Baltimore, Marekani. Jioni akaketi kula, mkate ukawa mtamu ajabu. Akalamba vidole: utamu ulikuwa umetoka kazini. Hiyo ndiyo sakarini, tamu kuliko sukari zaidi ya mara 300. Baadaye Fahlberg akajiandikishia haki za uvumbuzi bila Remsen, na urafiki ukaisha hapo.

Vita vya pili vikawa vya serikali. Harvey Wiley, mkemia mkuu wa wizara ya kilimo Marekani, alitaka sakarini iondolewe kwenye chakula. Shida ni kwamba Rais Theodore Roosevelt mwenyewe alikuwa akiitumia kila siku, kwa ushauri wa daktari wake. Unaweza kukisia nani alikasirika. Kisha zikaja Vita Vikuu vya Dunia, sukari ikaadimika, na watu wakazoea hii nyingine.

Mwaka wa 1977 ikawa kizaazaa. Utafiti wa Kanada ulionyesha panya waliolishwa sakarini kwa wingi wakipata saratani ya kibofu. Marekani ikapendekeza kuipiga marufuku, wananchi wakapiga kelele, Bunge likasimamisha marufuku na kuweka onyo kwenye pakiti. Onyo hilo lilikaa hadi karibu mwaka wa 2000, baada ya wanasayansi kueleza kwamba mkojo wa panya dume hutengeneza chembe zinazokwaruza kibofu, jambo ambalo kwa binadamu halitokei vile.

Kwenye soda nyingi za bila sukari leo utakuta aspatemu. Iligunduliwa 1965 na James Schlatter, aliyekuwa akitafuta dawa ya vidonda vya tumbo. Alilamba kidole ili aokote karatasi. Tena kidole! Ilianza kuruhusiwa kwenye soda za Marekani 1983.

Julai 2023 mitandao ikawaka: ati aspatemu inaleta kansa. Ukweli ni kwamba shirika la utafiti wa saratani chini ya WHO liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani, kwa sababu ushahidi ni mchache. Wakati huohuo kamati nyingine ya wataalamu ikaacha kiwango cha siku palepale: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 70 angehitaji kunywa zaidi ya mikebe 9 hadi 14 kwa siku ndiyo akipite.

Kwa hivyo tulia. Lakini usitulie sana.

Kwa zaidi ya miaka mia tumekuwa tukiuliza swali moja: hii kitu inaua? Lile la kimyakimya limechelewa: inakufanyia nini ukiinywa miaka kumi? Mei 2023 WHO ilishauri watu wasiitumie sukari bandia kama njia ya kudhibiti uzito. Majaribio ya muda mfupi yalionyesha uzito ukipungua kidogo. Tafiti zilizofuata watu kwa miaka mingi zilikuta watumiaji wakipata zaidi kisukari cha aina ya pili na magonjwa ya moyo. Hapo pana utata: wengi huanza kuinywa wakiwa tayari wameongeza uzito, kwa hivyo ni vigumu kujua kipi kilitangulia. Na ushauri huo hauwahusu wale ambao tayari wana kisukari.

Msimamo wangu ni huu. Soda ya bila sukari ni afadhali kuliko ile ya sukari, lakini afadhali si afya. Mimi nilikuwa nainywa kama maji, nikijiona nimeshinda wengine. Kumbe ulimi wangu ulibaki palepale, ukitaka utamu kwa kila kitu. Sasa ni moja, Jumamosi. Chai nimetoka vijiko vitatu hadi kimoja, na wiki ya kwanza ilikuwa kama kunywa maji ya kuoshea vyombo. Siku hizi naisikia ladha ya majani.

Jana nilimpelekea mathe jibu lake: "Utamu ulitoka maabara, kwa mtu ambaye hakunawa mikono."

Hata hakushtuka. "Basi wewe nawa, ukuje ukule."