Neno "Mtumwa" katika Nyimbo za Sala ya Jioni: Bagamoyo na Unguja, 1868–1879
Mwaka 1879 Charles Villiers Stanford alitunga muziki wa kwaya kwa Wimbo wa Maria na Wimbo wa Simeoni, nyimbo za Sala ya Jioni ya Kianglikana zilizomo pia katika sala za Kikatoliki. Katika Kigiriki cha Injili ya Luka, Maria na Simeoni hujitaja kuwa watumwa wa Mungu. Simeoni husema Bwana wake sasa anamwachilia kwa amani. Bagamoyo, tangu 1868, Mapadre wa Roho Mtakatifu waliwapokea watoto waliokombolewa utumwani. Unguja, soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na Askofu Edward Steere akajenga kanisa Mkunazini, mahali pa soko hilo. Kwa waumini waliowahi kuuzwa, kuachiliwa kwa Simeoni kulifanana na historia yao wenyewe.