Ihungo, Shule Iliyojengwa Mara Mbili

Sisi tunaoishi hapa Stockholm tumezoea kuiamini ardhi. Mji umekaa juu ya mwamba, na tetemeko ambalo vitabu vya Waswidi hulitaja zaidi ni la Jumapili, tarehe 23 Oktoba 1904, lililowakimbiza waumini makanisani. Ndiyo maana habari za Bukoba za mwezi Septemba 2016 ziliwashangaza wengi wetu. Watu waliulizana, tangu lini kwetu kuna matetemeko?

Yamekuwako siku zote. Nchi yetu imepasuliwa na Bonde la Ufa, na tawi lake la magharibi halilali. Mwaka 1910 eneo la Rukwa lilitikiswa na tetemeko ambalo ni miongoni mwa makubwa kabisa kuwahi kupimwa katika Afrika. Mwaka 1966 Toro, ng'ambo ya mpaka wa Uganda, ilipoteza watu zaidi ya mia moja. Lakini tetemeko likipita miaka 50 bila kurudi, wajukuu hulihesabu kuwa hadithi, na mafundi hujenga kana kwamba halipo.

Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu alasiri hivi, ardhi ya Kagera ilitikisika kwa ukubwa wa 5.9. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba zilianguka au kupasuka. Shule mbili za sekondari za serikali zinazojulikana sana, Ihungo na Nyakato, ziliharibika kiasi cha kufungwa, na wanafunzi wakarudishwa makwao.

Kwa msomaji asiyetoka Kagera, jina la Ihungo huenda halisemi mengi. Shule hiyo iko kilimani, juu ya mji wa Bukoba. Ilianzishwa na Mapadri Weupe enzi za mkoloni, na serikali ikaichukua baada ya Sheria ya Elimu ya 1969, kama ilivyozichukua shule nyingi za misheni. Wahaya waliigeuza fedha ya kahawa kuwa karo tangu zamani, na vijana waliopita kilimani pale walienea katika ofisi za nchi nzima. Hata Waswidi wanaijua Bukoba kuliko tunavyodhani. Vita Kuu ya Pili ilipowaondoa wamisionari Wajerumani, Kanisa la Sweden liliingia kushika kazi yao, na Bengt Sundkler, aliyefika Tanganyika mwaka 1942, akawa askofu wa kwanza wa Kilutheri wa Bukoba kuanzia 1961 hadi 1964. Kitabu chake Bara Bukoba kilitoka kwa Kiswidi mwaka 1974, na kinafaa kusomwa na vijana wetu waliozaliwa hapa na wanaokijua Kiswidi kuliko Kihaya.

Sasa nirudi kwenye majengo, maana ndiyo kazi niliyoisomea. Tetemeko la 5.9 si kubwa. Kwenye mizani ile kila namba moja inayoongezeka ni nguvu mara 32 hivi, kwa hiyo lile la Rukwa, lililozidi 7, ni jambo jingine kabisa. Kwa nini basi Kagera iliumia vile? Ukuta wa tofali hubeba mzigo unaokandamiza kutoka juu bila shida, hata miaka mia. Ukisukumwa kutoka ubavuni hauna kitu cha kuushika. Kona hufunguka kwanza, kisha ule ukuta wa pembetatu unaobeba paa upande wa mwisho wa nyumba huanguka wote kwa pamoja. Dawa yake inajulikana na si ghali kupindukia: lenta ya zege yenye nondo izungukayo kuta zote bila kukatika, nondo zipindwe vizuri kwenye kona, kenchi zifungwe kwenye lenta hiyo, na udongo usitumike mahali pa saruji. Wazee wetu waliokaa kwenye msonge wa miti na nyasi hawakuhitaji somo hili. Msonge huyumba na kusimama tena, na ukianguka hauna uzito wa kuua. Tulipohamia kwenye tofali tulichukua uzito wa tofali tukaacha nondo dukani.

Siku na saa nazo zina uzito wake. Mjini Long Beach, Marekani, tetemeko la tarehe 10 Machi 1933 lilipiga Ijumaa jioni, saa chache baada ya watoto kutoka madarasani. Shule zilizoanguka zilikuwa tupu. Wazazi walizitazama zile kuta wakaelewa kilichowakosa, na katika muda wa mwezi mmoja jimbo la California lilipitisha sheria ya kusimamia ujenzi wa shule, iitwayo Field Act. Italia haikubahatika hivyo. Mwaka 2002 shule ya San Giuliano di Puglia iliporomoka asubuhi ya siku ya masomo ikaua watoto 27. Kuta zake za zamani zilikuwa zimeongezewa zege zito juu. Kagera ilipata Jumamosi alasiri.

Ihungo ilijengwa upya, kwa sehemu kubwa kwa msaada wa serikali ya Uingereza, na tarehe 18 Januari 2021 Rais John Magufuli aliifungua rasmi. Ilikuwa miaka minne na miezi minne tangu tetemeko. Miezi miwili baadaye Rais mwenyewe alifariki dunia. Niliona picha za siku ile: mabati mapya, kuta zilizonyooka. Nilifurahi kwa dhati.

Lakini historia ya shule hii haiwezi kuandikwa bila kutaja nyumba zilizo chini ya kilima. Michango ilipokusanywa mwaka 2016, na wengi wa huku ughaibuni walichanga, watu walidhani fedha itamfikia mama anayelala chini ya turubai. Septemba ileile viongozi wa mkoa waliondolewa kazini kwa tuhuma za kufungua akaunti ya pembeni yenye jina linalofanana na la kamati ya maafa. Kisha Januari 2017 Rais alifika Bukoba akawaeleza wananchi kwamba serikali haikuleta tetemeko na haitamjengea kila mtu nyumba yake. Fedha itaelekezwa kwenye shule, zahanati na barabara. Maneno yale yaliwauma wengi na yanawauma hadi leo.

Maoni yangu ni kwamba kuanza na shule kulikuwa sahihi. Hakuna serikali maskini iwezayo kujenga maelfu ya nyumba, na darasa moja hulinda watoto wengi kwa miaka mingi. Ila kati ya kumjengea mtu nyumba na kumwambia ajijengee mwenyewe kulikuwa na nafasi pana. Fundi wa kijiji angefundishwa kwa siku chache namna ya kufunga lenta. Kila kaya ingepewa nondo chache na mifuko ya saruji kwa ajili ya hiyo lenta tu. Gharama isingekaribia ile ya nyumba nzima, na kila aliyejenga upya angejenga nyumba iliyo bora kuliko ile iliyoanguka.

Kazi hiyo sehemu yake iko mikononi mwetu, maana nyumba nyingi zinazoinuka Kagera zinalipiwa kutoka Stockholm, London na kwingineko. Tunatuma fedha, tunaletewa picha ya nyumba ikiwa imeezekwa na kupakwa rangi, tunaridhika. Picha ya kuomba ni ya siku kadhaa kabla ya hapo: nondo za lenta zilivyopindwa kwenye kona, zege likiwa halijamwagwa. Fundi asipoweza kuituma, malipo ya awamu inayofuata yasubiri.