Saa za Eneo si "Jumlisha Tatu"

Ukifungua mipangilio ya simu ya Android iliyowekwa Kiswahili, penye tarehe na wakati utakuta maneno "Saa za eneo". Wapo wanaosema "ukanda wa saa", na wapo wanaosema "kanda za muda". Mimi nasimama na saa za eneo, na anayetaka kuona sababu aje Chiwata, kati ya Masasi na Newala.

Neno "ukanda" linakufanya uone mstari kwenye ramani, kitu kilichopimwa kwa jua. Mkutano wa Washington wa Oktoba 1884 uliichagua Greenwich kuwa sifuri ya longitudo, na kwa kuwa dunia huzunguka digrii 15 kila saa, hesabu inaonekana nyepesi: saa tatu mbele ya Greenwich ni mahali penye digrii 45. Lakini digrii 45 haiigusi Tanzania popote. Iko mashariki yetu, huko Somalia. Masasi iko karibu na digrii 38.8 na Newala karibu na 39.3. Ndiyo maana jua la Chiwata hufika utosini yapata saa sita na dakika ishirini na kitu, na la Kigoma hungoja hadi saa saba hivi. Jua halikutupa saa tatu hizo. Serikali ndiyo iliyozitangaza, na zinatumika hadi pale mamlaka yake inapoishia.

Inapoishia panaonekana kwa macho. Simama Newala pale Shimo la Mungu, uwanda wa Makonde unapokatika ghafla, utazame bonde la Ruvuma. Ng'ambo ni Msumbiji. Jua ni lile lile na kivuli ni kile kile, ila kule saa iko nyuma yetu kwa saa moja nzima. Simu inayojipangia saa kutoka mtandaoni ikinasa mnara wa upande wa pili, inaweza kukurudisha nyuma saa moja bila wewe kuvuka mto. Hilo ndilo eneo: watu na sheria yao.

Hapa ndipo waandishi wengi wa programu wanapojikwaa. Wanachanganya saa za eneo na kitu kingine ambacho ningependa tukiite tofauti ya saa, yaani ile namba "+3". Tofauti ya saa ni jibu la swali moja: kwa wakati huu, mahali hapa, tuko mbele ya saa ya ulimwengu, UTC, kwa kiasi gani? Saa za eneo ni kanuni nzima pamoja na historia yake: tangu lini tuko +3, kabla ya hapo ilikuwaje, na je, kuna miezi inayobadilika? Kompyuta nyingi duniani huichukua kanuni hiyo kwenye hifadhidata iliyoanzishwa na Arthur David Olson katika miaka ya 1980 na ambayo Paul Eggert ameihariri kwa miaka mingi. Humo sisi tunaitwa Africa/Dar_es_Salaam, na Msumbiji ni Africa/Maputo.

Faida ya jina juu ya namba ilionekana Juba. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma, kutoka +3 hadi +2. Programu iliyoandikwa "+3" ilianza kudanganya siku hiyo hiyo, na ikaendelea hadi mtu alipoingia ndani yake kuirekebisha. Iliyoandikwa Africa/Juba ilihitaji tu kanuni mpya zifike kwenye kompyuta.

Na historia nayo ina mambo yake. Kumbukumbu ya zamani ya Dar es Salaam katika hifadhidata hiyo ilisema kwamba hadi 1931 mji ulifuata saa ya jua lake wenyewe, saa 2 dakika 37 na sekunde 8 mbele ya Greenwich. Kisha ukawa +3. Kisha kuanzia 1948 hadi mwisho wa 1960 ukawa saa 2 na dakika 45. Baadaye jina la Dar es Salaam liliunganishwa na la Nairobi, ambayo humo ni +3 tangu 1942. Kwa hiyo ukiiuliza kompyuta saa ya UTC ya jambo lililotokea Masasi mwaka 1955, jibu linaweza kupishana kwa robo saa kulingana na toleo la kanuni ililo nalo. Ukihifadhi kumbukumbu za miaka ile, andika saa kama ilivyoandikwa daftarini na uiache hivyo.

Sasa twende kwenye korosho, maana huku wakati una bei. Tangu msimu wa 2024/2025 minada ya korosho ghafi imepita kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX, na wanunuzi wakubwa wa korosho yetu ni India na Vietnam. Tuseme mnada unafungwa saa nane mchana. Kwenye UTC hiyo ni 11:00; kwa mnunuzi wa India ni 16:30, kwa sababu India ina nusu saa ndani ya tofauti yake; kwa wa Vietnam ni 18:00. Nukta ya wakati ni moja, nyuso zake ni nne. Zabuni ikishaingia, ihifadhiwe kwa UTC, kila mtu aonyeshwe kwa saa zake. Lakini mnada wa mwezi ujao ni habari nyingine. Huo haujatokea, ni ahadi kwamba tutakutana saa nane ya hapa. Uhifadhi hivyo hivyo, saa ya hapa pamoja na jina la eneo, ugeuze baadaye. Ushauri wa "weka kila kitu kwa UTC" unatolewa mno, nami naupinga kwa mambo yajayo.

Naupinga zaidi kwa tarehe tupu. Mtoto amezaliwa 12 Juni 2024. Karani anajaza fomu, na programu, kwa kuwa haijui kuhifadhi tarehe isiyo na saa, inaweka saa sita usiku ya kuanza siku hiyo. Kisha inageuza kwenda UTC, ikitoa saa tatu, na seva inapokea hivi:

2024-06-11T21:00:00Z

Ripoti inakata herufi kumi za mwanzo na kuchapisha tarehe 11. Mtoto amesogezwa siku moja, na cheti kitagombana na kadi ya kliniki kwa maisha yake yote. Katika JavaScript inatosha kuandika new Date(2024, 5, 12).toISOString() kwenye kompyuta iliyoko Masasi (hiyo 5 ni Juni, kwani lugha hiyo inahesabu miezi kuanzia sifuri). Mwandishi anayejaribu kazi yake kwenye seva iliyowekwa UTC hataliona kosa hili kamwe. Ndivyo pia lori lililopimwa ghalani saa saba usiku linavyoangukia kwenye hesabu ya jana. Tarehe ya kuzaliwa haina saa wala eneo. Ipewe nafasi yake kama tarehe.

Limebaki jambo letu wenyewe. Wapo wanaotaka programu ionyeshe saa ya Kiswahili, wakaona njia ya mkato: toa sita, yaani weka simu kwenye eneo la UTC-3. Kweli saa moja asubuhi itasomeka 1:00. Ila tarehe nayo itabadilika saa kumi na mbili asubuhi, na ujumbe wa saa nane usiku utabeba tarehe ya jana. Saa ya Kiswahili si saa za eneo. Ni namna ya kusoma, na mahali pake ni pale maandishi yanapochapishwa, baada ya hesabu zote kwisha. Hapo programu ichague pia neno la sehemu ya siku: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Na usiku ukivuka siku mbili, magazeti yetu yameshatatua: "usiku wa kuamkia Ijumaa". Ujumbe wa simu kwenda kwa mkulima wa Chiwata ungesomeka "Mnada: Ijumaa 18 Oktoba, saa 8 mchana", na kwenye seva jambo hilo hilo likakaa kama 2024-10-18, 14:00, Africa/Dar_es_Salaam.