Gitaa la bidoni na vidole viwili vya Mwenda

Ulaya na Marekani kuna wanamuziki wenye vyumba vilivyojaa magitaa ya mbao yaliyotengenezwa kwa mkono, kila moja na jina la fundi limeandikwa ndani ya tundu. Katika Lualaba, tangu Nzilo hadi Bunkeya, ni vigumu kukuta chumba cha namna hiyo. Si kwamba watu hawakutengeneza magitaa. Walitengeneza mengi. Kuyatunza ndiko kulikowashinda.

Mtoto wa Katanga mara nyingi huanza na bidoni. Bidoni ya mafuta inatobolewa, mti unapitishwa kuwa shingo, na waya wa breki ya baiskeli unafunuliwa nyuzi moja moja. Wengi wanakiita chombo hicho banjo, na jina hilo linavuka mpaka mpaka Zambia. Mkubwa wake ni karindula: pipa la mafuta lililovalishwa ngozi ya mbuzi, shingo ndefu, nyuzi nne. Jina la chombo limekuwa jina la muziki wenyewe. Mwaka 2011 kampuni ya Ubelgiji, Crammed Discs, ilitoa rekodi za vikundi vya karindula vilivyopiga Lubumbashi, na wageni wakashangaa kusikia pipa likinguruma hivyo.

Lakini jina linalokumbukwa zaidi ni la Mwenda Jean-Bosco, mtu wa Bayeke, aliyezaliwa mwaka 1930. Mwaka 1952, enzi za Union Minière, Hugh Tracey alikuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi sauti. Alimkuta Mwenda Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Hapo ndipo ilipotoka Masanga. Mwenda alipiga kwa vidole viwili tu: gumba linatembea chini na besi, kidole cha shahada kinacheza wimbo juu, na msikilizaji anadhani wapigaji ni wawili. Mtaalamu David Rycroft alihitaji makala ndefu, miaka ya 1960, ili kueleza vidole hivyo vilikuwa vinafanya nini. Mwaka 1969 Mwenda alipiga Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari.

Ndugu yake Edouard Masengo aliupeleka mtindo huo Nairobi, na Losta Abelo naye akapata wasikilizaji wengi. Wapigaji wa wakati ule walikuwa na ujanja wao: ukitaka kupandisha sauti, unafunga kalamu ya risasi juu ya shingo kwa uzi au kipande cha mpira, basi. Mwenzako anagonga chupa.

Gitaa la mbao ni chombo dhaifu. Masika yakija gundi inaachia, na mchwa hawaulizi ni la nani. Halafu kuna kuhama. Mwaka 1992 na 1993, familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa katika miji ya Katanga. Wengi walilala kwenye gare za Likasi na Kolwezi wakingoja treni kwa majuma, wengine kwa miezi. Katika safari ya namna ile mtu anabeba sufuria, godoro na watoto. Gitaa linaachwa kwa jirani, au linauzwa kwa bei ya unga. Familia zilizokimbia vijiji vyao miaka ya karibuni zinaijua hesabu hiyo bila kuambiwa.

Kwa hiyo akiba ya muziki huu iko mahali pawili. Rekodi za Tracey zimehifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, inayojulikana kama ILAM, ambayo sasa iko katika mji wa Makhanda. Mahali pa pili ni mikono ya wazee ambao bado wanaweza kupiga kwa gumba na shahada, na wazee hao hawapo kwenye rafu ya maktaba yoyote. Kijana anayetaka kujifunza inabidi akae mbele ya mmoja wao na kuangalia.

Chombo chenyewe hakina shida kubwa. Hata kwenye kambi ya waliohama, bidoni tupu haikosekani. Karindula nayo, ngozi ikipasuka, inavuliwa na kuvalishwa nyingine, inaanikwa juani mpaka ikaze, na jioni inapigwa tena.