Tosti na pazia la kusubiri katika programu za simu

Tosti ni ujumbe mfupi unaochomoza kwenye kioo cha simu, ukakaa sekunde chache, kisha ukatoweka wenyewe bila mtumiaji kugusa kitu. Pazia la kusubiri ni utando unaofunika kioo kizima, mara nyingi ukiwa na kiduara kinachozunguka katikati, na kuzuia vitufe visibonyezwe hadi kazi iliyoanzishwa ifike mwisho. Mitaani watu hawana jina la pazia hilo. Husema tu "inazunguka". Tosti huarifu, pazia huzuia, lakini vyote viwili vinamjibu mtu yuleyule aliyekwisha kubonyeza na sasa anataka kujua jambo lake limefika wapi.

Jina la tosti linatokana na slesi ya mkate inavyochomoza kutoka kwenye kibaniko. Android imekuwa nayo tangu toleo lake la kwanza la 2008, ikiwa na muda wa aina mbili tu: sekunde 2 kwa ujumbe mfupi na sekunde 3.5 kwa mrefu. Tangu Android 11 ya 2020, programu iliyojificha nyuma hairuhusiwi tena kurusha tosti ya umbo lake yenyewe juu ya programu nyingine, na Android 12 ya 2021 iliibana tosti katika mistari miwili na kuiwekea nembo ya programu iliyoituma. iPhone haina tosti ya kiwandani, kwa hiyo watengenezaji huiunda wenyewe au huazima maktaba iliyokwisha kuandikwa. Wanaotumia Flutter, zana ya kuundia programu, wana SnackBar, ukanda wa chini ya kioo unaoweza kubeba kitufe kama "Jaribu tena". React Native, zana nyingine ya aina hiyo, ina ToastAndroid, ambayo kama jina lake linavyosema, haifanyi kazi kwenye iPhone.

Kuandika tosti katika Android ni mstari mmoja: Toast.makeText hupewa maneno na muda, kisha show() huionyesha. Anayejifunza husahau show() mara nyingi. Programu haitoi kosa lolote, inakaa kimya, na mtu hupoteza saa nzima akitafuta tatizo mahali pengine.

Pazia linahitaji uangalifu zaidi. Android ilikuwa na ProgressDialog, iliyofanya kazi hiyo kwa mistari michache, lakini 2017, katika Android 8.0, Google iliacha kuipendekeza kwa sababu inamfungia mtu kila kitu wakati anasubiri kitu kimoja. Ushauri ukawa kuweka kiduara ndani ya ukurasa, mahali pale pale habari inapotarajiwa. Jakob Nielsen, katika kitabu chake cha 1993 kuhusu urahisi wa matumizi, alitaja mipaka ambayo bado inafuatwa: jibu la ndani ya sekunde 0.1 huonekana la papo hapo, hadi sekunde 1 mawazo ya mtu hayakatiki, na baada ya sekunde 10 akili yake huhamia kwingine. Pazia la kazi ya nusu sekunde ni kupepesa tu, linamshtua mtu bila sababu. La sekunde 40 lisilo na maneno wala njia ya kutokea ni kifungo. Na pazia lolote lazima liondolewe kazi inapofaulu na inapokwama pia. Ndiyo maana agizo la kuliondoa huwekwa katika sehemu ya finally, inayotekelezwa kwa vyovyote vile. Pazia lililosahauliwa baada ya mtandao kukatika humlazimisha mtu kuifunga programu kwa nguvu, naye haachi kujiuliza kama hela imekwenda.

Swali hilo la hela ndilo linaloyapa mambo haya uzito katika Kanda ya Ziwa. Mfano ni Busisi, kata ya Wilaya ya Sengerema mkoani Mwanza, upande wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza, ikitazamana na Kigongo ya Wilaya ya Misungwi. Kwa miaka mingi magari ya kwenda Sengerema na Geita yalipanga foleni hapo kusubiri kivuko, hadi 19 Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3. Barabara inayovuka hapo inapitisha samaki, nafaka na abiria, na sehemu kubwa ya malipo yake hufanyika kwa simu. M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, ilianza Kenya Machi 2007 ikafika Tanzania 2008, miaka ambayo wateja wengi hawakuwa na simu za kugusa. Walibonyeza *150*00#, wakajibu menyu, kisha wakasubiri meseji yenye neno "Imethibitishwa". Hadi leo, kwenye duka la wakala, muuzaji huuliza kwanza: "Meseji imeingia?"

Mtengenezaji wa programu afikirie swali hilo kabla ya kuandika tosti yoyote. Meseji inabaki kwenye simu. Inaweza kuonyeshwa kwa kondakta, kwa mama lishe, kwa mwenye mzigo. Tosti ya sekunde 3.5 haiwezi kuonyeshwa kwa mtu yeyote, na anayesoma polepole au aliyekuwa akitazama barabara ameikosa kabisa. Tosti inafaa kwa mambo madogo kama "Namba imenakiliwa" au "Umehifadhi anwani". Habari ya fedha ikae kwenye ukurasa wake, na kumbukumbu yake ipatikane baadaye.

Malipo ya simu ndani ya programu yana ugumu wa pekee. Mnunuzi wa dagaa akibonyeza "Lipa", seva hupeleka ombi kwa kampuni ya simu, kampuni humletea mnunuzi dirisha la kuingiza namba ya siri, na jibu hurudi kwenye seva kwa njia nyingine, wakati usiojulikana. Pazia lililo nyuma ya dirisha hilo halijui lolote. Programu ikikata tamaa mapema na kuandika "Imeshindikana", huku fedha zimekatwa, mtu atalipa mara ya pili. Kinga ni kuliwekea kila ombi namba yake ya pekee, ili seva ikiliona limerudi ilitambue kuwa ni lile lile. Baada ya muda pazia liondoke na kuacha ukurasa unaosema kwamba majibu bado yanasubiriwa.

Hapa Kiswahili kina zana ambayo programu nyingi haziitumii. "Malipo hayajakamilika" na "malipo hayakufanyika" ni habari mbili tofauti kabisa: ya kwanza inamwambia mtu asubiri, ya pili inamruhusu ajaribu tena. Msafiri aliyesimama Busisi enzi za foleni alizitofautisha bila kufikiri. Akiambiwa kivuko hakijafika, alikaa. Akiambiwa hakikufika, alitafuta pa kulala. Vivyo hivyo "Imetumwa" pekee haisemi kilichotumwa, kwa kuwa inaweza kuwa meseji, fomu au hela. "Ombi limetumwa" na "Malipo yametumwa" yanatofautiana, na tofauti hiyo ni fedha ya mtu.

Neno linaloandikwa zaidi juu ya pazia ni "Inapakia". Kwa mtu wa kivukoni, kupakia ni kuingiza magari na magunia chomboni, na programu nyingine zinalitumia neno hilo hilo kwa kupeleka picha mtandaoni. Mtu akiliona juu ya kiduara hajui kama simu inaleta kitu au inapeleka. Afadhali kuitaja kazi yenyewe: "Tunaangalia salio", "Tunafungua orodha ya safari", "Tunasubiri uthibitisho, usilipe tena". Maneno hayo ya mwisho yanaenea katika mstari mmoja wa kioo kidogo.