Nyumba Njema si Mlango: Wazee wa Husby na Historia ya Makazi

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sweden husifiwa kwa kuwatunza wazee wake, na sifa hiyo si ya bure. Lakini tukiufungua mlango wa Husby, kitongoji cha kaskazini-magharibi mwa Stockholm, tunaona kwamba mfumo mmoja wa matunzo unaweza kuzaa uzee wa aina mbili. Hoja yetu ni kwamba sehemu kubwa ya chanzo chake imo katika historia ya makazi.

Tuanzie mwaka 1949. Mwandishi Ivar Lo-Johansson alichapisha kitabu kiitwacho Ålderdom, yaani uzee, akifichua unyonge wa watu waliowekwa katika makao ya wazee. Mwaka uliofuata, Msalaba Mwekundu mjini Uppsala ulianza kupeleka wahudumu majumbani. Taratibu wazo hilo likawa sera ya taifa: mzee abaki kwake, matunzo yamfuate. Mageuzi ya mwaka 1992 yaliongeza uzito wa jambo hili kwa kuzikabidhi manispaa jukumu la matunzo ya muda mrefu ya wazee. Kwa hiyo nyumba ya mzee ikawa pia wodi yake. Swali likawa: ni nyumba ipi?

Husby ilijengwa katika miaka ya 1970 kwenye uwanda wa Järva, uliokuwa eneo la mazoezi ya kijeshi. Ilikuwa sehemu ya mpango wa kujenga nyumba milioni moja kati ya 1965 na 1974. Mitaa yake ilipewa majina ya Norway, na treni ya chini ya ardhi ikafika mwaka 1977. Nyumba nyingi zilikuwa za kupanga, mali ya kampuni ya jiji, wala hazikutengwa kwa ajili ya maskini peke yao. Familia zilizotoka Uturuki, Iran, Iraq, Eritrea na Somalia zilipata hapo paa imara. Hilo tunalisifu.

Tofauti ilikua baadaye. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, jiji liliwauzia wapangaji wake fleti nyingi, hasa za katikati ya mji. Bei zilipopanda, mpangaji wa jana akawa mwenye mali. Akizeeka, anaweza kuuza na kuhamia mahali panapomfaa. Mzee wa Husby aliyelipa kodi miaka hiyo hiyo hana cha kuuza.

Pensheni nayo huongeza pengo. Kwa kawaida, kiwango kamili cha pensheni ya msingi humtaka mtu awe ameishi nchini miaka 40. Mama aliyewafuata wanawe akiwa na umri wa miaka 50, akifika umri wa pensheni ana miaka michache tu ya kuhesabiwa. Ni kweli kwamba tangu 2003 upo msaada wa kumfidia mzee wa namna hii, lakini akikaa nje ya nchi zaidi ya miezi mitatu, msaada husimama. Mwenzake aliyeajiriwa maisha yake yote huko anaweza kuhamia Hispania na pensheni yake ikamfuata. Huyu wa Husby hawezi kwenda kuuguza dada yake Mogadishu kwa nusu mwaka.

Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mkazi mwenye miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza aliajiriwa wapi. Fedha hizo zilikuwa kidogo, na hakuna mhudumu wa manispaa anayebisha hodi kila asubuhi. Hata hivyo, swali analoulizwa mzee ni jepesi zaidi: una umri gani, na unaishi hapa?

Tunajifunza kwamba huduma sawa hazitoshi ikiwa watu wanazipokelea katika nyumba zisizo sawa, wakiwa wamehesabiwa miaka isiyo sawa. Anayeandika historia ya uzee, basi, aanze na hati ya nyumba kabla ya kufungua daftari la hospitali.